Mlio Mmoja Mfupi

Feni ilikuwa inazunguka, na hilo ndilo lililoniuma. Kompyuta ingekufa kabisa, bila taa wala upepo, ningejua pa kuanzia: waya, soketi, kisha kisanduku cha umeme, huku nikinusa kama kuna kilichoungua. Hii ilikuwa inapumua. Taa ya kijani iliwaka, diski ikaguna, feni ikapuliza vumbi lenye harufu ya chumba cha Baba Mdogo, na kioo kikabaki cheusi. Nilizima, nikangoja, nikawasha tena. Vilevile. Nje, mvua ya kwanza ya Novemba ilikuwa bado inapiga mabati ya Panda, mtaa wetu hapa Likasi, na radi zilikuwa zimeshahamia upande wa Kambove.

Baba Mdogo alikuwa amesimama mlangoni tangu kuranti, yaani umeme, iliporudi.

"Ilishakufa?"

"Hapana, Baba. Imesahau."

Sikumjibu hivyo kwa kumpoza. Kwenye ubao mkuu wa kila kompyuta kuna chipu ndogo isiyopoteza kitu umeme unapokatika, na humo mna programu ya kwanza, ile inayoamka kabla ya zote na kuziamsha nyingine. Vitabu huiita programu dhibiti. Mafundi wetu husema bayosi, jina lililotokana na mfumo wa CP/M ambao Mmarekani Gary Kildall aliutunga miaka ya 1970. Bayosi ya mashine hii ina kilobaiti 256. Ukiichapa kama maandishi ya kawaida, ni kurasa mia na kitu. Katika kurasa hizo mna yote ambayo kompyuta inayajua juu ya nafsi yake: kwamba ina kibodi, kwamba ina diski na ukubwa wake, mahali pa kutafuta kazi ya siku. Mimi ndiye niliyekuwa ninaandika juu ya kurasa hizo. Sikufika mwisho.

Nieleze kwanza kwa nini niliigusa.

Baba Mdogo alimaliza miaka yake ya kazi kiwandani Shituru, kwenye ukumbi wa elektrolisisi, pale bamba za shaba zinapokua polepole ndani ya mabeseni ya asidi. Alipostaafu alijinunulia kompyuta hii, iliyokuja na mzigo wa mitumba kutoka Ubelgiji ikiwa tayari na miaka mingi mgongoni: Pentium III, kisanduku cha rangi ya maziwa kilichogeuka manjano, mlango wa disketi, na kibodi ambayo herufi A na N zimefutika kabisa. Si ajabu zimefutika. Maneno yetu yamejaa A, na majina anayoyaandika yamejaa N.

Anaandika kambi. Sijui niiteje kazi hiyo vinginevyo. Safu kwa safu, nyumba kwa nyumba: nani alikaa hapo, alitoka wapi, mkewe alikuwa nani, alifanya kazi idara gani, watoto walikuwa wangapi, walikwenda wapi. Kampuni ya migodi ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilikusanya watu kutoka Rhodesia, kutoka Kasai, kutoka Rwanda na Burundi, ikawaweka katika nyumba za kambi zinazofanana, na katika kamba za kuanikia nguo zilizopakana Kiswahili chetu cha Katanga kikapata umbo lake. Mwaka 1928 reli ilifika Ilebo, huko Kasai, na safari ya kuja ikawa ya behewa. Safari ya kurudi pia ikawa ya behewa. Mwaka 1992 na mwaka 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, na hapa Likasi maelfu walilala kituoni miezi na miezi wakingoja treni, wengi wao wakiwa wamezaliwa mjini humu humu na hawajawahi kuiona Kasai. Wengine walifia pale pale kwenye reli. Katika orodha ya Baba Mdogo kuna safu nzima za nyumba ambazo mstari wa mwisho unasema: *gare, 1993*, yaani kituo cha treni. Haandiki zaidi ya hapo. Ukimuuliza, atakuambia jina la mbwa wa nyumba ile.

Basi diski iliyobeba haya yote ilianza kutoa mlio. Tik, tik, kimya, tik. Kila fundi anaujua mlio huo na hakuna anayeupenda. Nilipata diski nyingine ya kizamani, ya gigabaiti 40, nikaifunga kando yake ili nihamishe kila kitu usiku huo huo. Kompyuta ikagoma. Ilifika mahali pa kutambua diski, ikasimama hapo, kama mtu aliyeulizwa hesabu iliyomzidi. Nikatafuta, nikakuta sababu: bayosi nyingi za miaka ya 1998 na 1999 haziwezi kuhesabu diski iliyozidi takriban gigabaiti 33.8. Waliozitunga hawakuona haja ya kuhesabu mbali hivyo. Dawa iliyotajwa ilikuwa moja, kusasisha bayosi. Faili lilipatikana, likaingia kwenye disketi, nikawasha.

Ningeweza kuitoa diski mbovu na kuisoma kwenye kompyuta nyingine. Ndiyo akili ya kwanza. Lakini kompyuta za sasa hazina tena mdomo ule mpana wa pini 40. Mashine moja niliyoijua yenye mdomo huo iko Kikula, kwenye duka la fotokopi, na mwenyewe hakukubali ifunguliwe. Sikumlaumu. Ndiyo inayomlisha.

Zamani jambo hili halikuwezekana nyumbani. Chipu za bayosi ziliandikwa kiwandani mara moja, na zile zilizoweza kufutwa zilikuwa na kidirisha cha kioo mgongoni: unaianika chini ya taa ya miale ya urujuanimno, unangoja dakika nyingi, ndipo unaandika upya. Kisha Fujio Masuoka wa Toshiba na wenzake wakabuni kumbukumbu inayofutika kwa umeme peke yake, kwa mkupuo mmoja. Mwenzake aliona ufutaji ule ni wa ghafla kama mwanga wa kamera, ndiyo maana ikaitwa flashi. Waliitangaza kwa ulimwengu mwaka 1984. Kumbukumbu hiyo ilipoingia kwenye chipu za bayosi, mtu yeyote mwenye disketi anaweza kuirekebisha kompyuta yake hadi mzizini, na anaweza pia kuiua. Tarehe 26 Aprili 1999 kirusi kilichotungwa na mwanafunzi wa Taiwan, Chen Ing-hau, kiliamka katika kompyuta nyingi duniani na kufanya hivyo hasa: kufuta bayosi. Asubuhi watu waliwasha mashine zao, feni zikazunguka, vioo vikabaki vyeusi.

Kwangu hakukuwa na kirusi. Kulikuwa na mstari wa viboksi vyeupe unaosogea, na chini yake onyo: usizime kompyuta. Onyo hilo nimelisoma mara nyingi maishani, ila usiku ule ndipo nilipolielewa. Aliyeliandika alimfikiria msomaji ambaye mkono wake mwenyewe ndio pekee unaoweza kuzima. Akamwomba huyo msomaji auzuie mkono. Mimi mikono yangu ilikuwa mapajani. Radi ilipiga, mtaa mzima ukaingia gizani, na nilisikia feni ikipunguza mzunguko hadi ikanyamaza.

Nimefikiri sana juu ya umeme tangu siku hiyo, kwa sababu sisi si watu wa mbali nao. Maporomoko ya Mwadingusha, kwenye mto Lufira, yanazalisha umeme tangu mwaka 1930, na yalifungwa mitambo kwa ajili ya shaba hii hii, maana elektrolisisi hula umeme usiku na mchana. Mwaka 1982 ulikamilika mstari wa umeme wa kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, karibu kilomita 1,700 za waya juu ya misitu na vijiji ambavyo havikuteremshiwa hata taa moja. Na waya wenyewe, na njia nyembamba zilizochorwa kwenye ubao wa kompyuta, zenye unene wa takriban milimita 0.035, ni metali ambayo Baba Mdogo aliiinua kutoka kwenye mabeseni kwa miaka yake yote ya nguvu. Nilipoufungua ubao na kuumulika kwa tochi, njia hizo ziling'aa chini ya rangi ya kijani, na yeye akainama, akazitazama muda mrefu bila kusema kitu. Kisha akaweka kidole juu ya moja, taratibu, kama mtu anayegusa shavu la mtoto aliyelala.

Siku tatu nilifanya kama nilivyofundishwa. Chomoa kila kisicholazimika: diski zote mbili, mlango wa disketi, kadi ya sauti. Toa kumbukumbu za muda, zisugue meno kwa kifutio cha penseli, zirudishe moja moja. Toa betri bapa ya ubaoni, pima. Ilikuwa na volti 2.9, inatosha. Chunguza vikapasita kama vimevimba vichwa, ugonjwa ulioua kompyuta nyingi za miaka ile. Vilikuwa bapa na safi. Washa. Feni, taa, giza.

Siku ya pili Baba Mdogo aliingia na jiwe lake mkononi. Ni kipande cha malakiti, kijani chenye mistari, alichokuwa akikiweka juu ya kompyuta kuzuia karatasi zisipeperuke. Aliniuliza kama ni jiwe lililodhuru. Nilimwambia hapana, hiyo ni shaba tu ambayo haijayeyushwa. Lakini swali lake halikuwa la mtu asiyejua, na nilimweleza hivyo. Mgodi wa Shinkolobwe hauko mbali nasi. Urani iligunduliwa pale mwaka 1915, na sehemu kubwa ya ile iliyotumika katika bomu la Hiroshima ilitoka kwenye shimo hilo. Mtu wa Likasi akiliogopa jiwe ana sababu zake. Na mwaka 1978 wahandisi wawili wa Intel, Timothy May na Murray Woods, waligundua kwa nini chipu za kumbukumbu zilikuwa zikibadilisha maandishi yake zenyewe bila kuharibika: katika kauri iliyozifunika mlikuwa na chembe za urani na thori. Kila chembe ilipooza ilirusha mnururisho wa alfa, na mrusho mmoja ulitosha kugeuza sifuri kuwa moja. Baba Mdogo alisikiliza hadi mwisho. Akalitoa jiwe chumbani hata hivyo, akaliweka dirishani, na sikumzuia.

Kitenzi kilichoniingiza matatani, kusasisha, Kiswahili kimekitunga kutokana na neno sasa. Kusasisha kitu ni kukifanya kiwe cha sasa. Ni neno zuri na ninalitumia kila siku, ila halikubebeshwa swali la kile kilichokuwa kimekaa pale kabla. Baba Mdogo ana bahasha ya kaki yenye karatasi tatu. Cheti cha ubatizo kinasema Jadotville, kwa jina la mhandisi Mbelgiji Jean Jadot. Kadi ya kazi inasema Likasi, jimbo la Shaba, kwa kuwa Katanga iliitwa Shaba tangu mwaka 1971 hadi 1997. Kadi ya kura inasema Haut-Katanga, jimbo lililozaliwa mwaka 2015 Katanga ya zamani ilipokatwa vipande vinne. Mtu ni yuleyule, na kati ya karatasi ya kwanza na ya mwisho hajahama mji. Majina mengine yalistahili kubadilishwa, na Likasi kwangu ni jina bora mara kumi kuliko la Jadot. Ninachokipenda katika bahasha ile ni kwamba mzee hakuitupa karatasi ya zamani alipopewa mpya. Kila mara mji ulipoandikwa upya, yeye alitunza nakala.

Na hapo, jioni ya siku ya tatu, nilikumbuka swali ambalo programu ya kusasisha iliniuliza kabla ya kuanza. Iliuliza kama ningependa kuhifadhi bayosi ya zamani. Kwa pupa yangu ya usiku ule ningeweza kuruka. Nilibonyeza ndiyo. Ile bayosi ya kwanza, kurasa zake mia na kitu, ilikuwa ndani ya disketi hiyo hiyo, juu ya meza, chini ya kikombe cha chai.

Lakini disketi utaisomaje kwenye mashine isiyojua kama ina mlango wa disketi? Nilirudisha kila kitu mahali pake, zaidi kwa kukata tamaa kuliko kwa mpango, nikawasha. Sekunde chache baadaye taa ya mlango wa disketi ikawaka. Kitu ndani kikakwaruza mara mbili: krr, krr. Kisha kimya.

Sitasahau. Siku tatu mashine ilikuwa inaomba, nami nilikuwa nimechomoa mdomo wake wa kuombea. Watunzi wa bayosi za aina hii waliacha kipande kidogo ndani ya chipu, ambacho programu ya kusasisha haikigusi. Hakijui mengi. Hakiwezi kuonyesha kitu kwenye kioo isipokuwa kwa kadi ya picha ya kizamani zaidi, ambayo hatukuwa nayo. Kinajua jambo moja, kutafuta disketi na kufanya kitakachoambiwa nayo. Yaani mashine ilikuwa kama mzee aliyesahau jina lake, mke wake, nyumba yake, akabakiwa na kuomba kusomewa.

Nilikwenda Kikula. Kwenye duka la fotokopi nilikubaliwa kutumia mlango wa disketi kwa nusu saa, nikaongeza kwenye disketi mstari mmoja wa amri: rudisha bayosi ya zamani, usiulize lolote. Usiulize, kwa sababu hakuna ambaye angeliona swali. Disketi yenyewe niliishika kama yai. Sony iliacha kuzitengeneza mwaka 2011, na hii ilikuwa na kutu kwenye ulimi wake wa chuma.

Safari hii sikuliachia anga. Kinyozi wa jirani ana betri ya gari na inveta inayoendesha mashine zake za kunyolea. Nilimweleza shida yangu. Hakuuliza bei; alimaliza kichwa alichokuwa nacho mkononi, akamwomba aliyefuata angoje, tukaibeba betri wawili mpaka kwa Baba Mdogo. Akabaki kutazama.

Tuliwasha. Taa ya disketi ikawaka, ikakwaruza, ikaendelea kukwaruza, ikanyamaza. Kioo cheusi. Hapa ndipo palipokuwa pagumu, kwa kuwa sasa mtambo ulikuwa ama unaandika ama haufanyi lolote, na hakuna jicho lingeweza kutofautisha. Taa ya disketi iliwaka tena kidogo, ikazima. Tuliketi watatu gizani, maana tulizima hata balbu ili tusiisumbue betri, tukisikiliza feni. Baba Mdogo alikuwa na rozari, sikumwona akiitoa. Nilikuwa nimepanga kungoja dakika kumi. Tulingoja ishirini. Sikuwa na ujasiri wa kupeleka mkono.

Kisha nilizima, nikahesabu hadi thelathini, nikawasha.

Mlio mmoja mfupi.

Kinyozi alipiga makofi. Maandishi meupe yakapanda kwenye kioo, yakahesabu kumbukumbu, yakaitaja kibodi, yakaitaja diski mbovu kwa jina na ukubwa wake. Baba Mdogo alikuwa amefumba macho.

Diski ya gigabaiti 40 ilikuwa bado mezani. Niliigeuza nitafute tarehe yake, na kwenye karatasi iliyobandikwa juu yake nikaona mchoro mdogo wa pini nane, na maelezo: ukiunganisha pini hizi mbili kwa kibanio, diski itajitambulisha kama ya gigabaiti 32. Waliotengeneza diski walizifikiria kompyuta za zamani. Walijua zitakuwepo, wakaacha mlango. Sikuwa nimeisoma karatasi ile, na kwa kutoisoma nilikuwa nimeandika juu ya kitu kisichohitaji kuandikwa. Kibanio nilikitoa kwenye kadi ya sauti. Kompyuta ikaipokea diski papo hapo, na bayosi yake ya kale haikuguswa.

Kunakili kulichukua usiku mzima, kwa umeme wa kinyozi. Diski ya zamani ilitika mara nyingi, ikarudia, ikaendelea. Kulipokucha faili la kambi lilikuwa limevuka, lote. Nikafanya nakala ya pili kwenye flashi, na ya tatu kwenye simu yangu.

Baba Mdogo aliingia akiwa amenyoa ndevu, amevaa shati la Jumapili. Akaketi kwenye kiti cha nyuma na kuniachia mimi cha kibodi, kwa kuwa macho yake asubuhi si mazuri. Faili likafunguka mahali alipoachia kabla ya mvua: safu ya tano, nyumba ya tisa. Mstari ulikuwa mtupu, na mshale unapepesa.

"Hapo," alisema. "Hapo alikuwa fundi wa cherehani, aliyetoka Luiza. Andika."

Akanitajia jina. Nikamuuliza linaandikwaje, kwa N moja au mbili.